Sefti ya Pande Mbili

Hutaniamini, na sikulaumu. Ukimaliza kusoma utasema huyu kaongeza chumvi. Lakini hapahapa Minto, Australia, kwenye nyumba ya kupanga yenye sanduku la barua lililopinda, mama wa miaka sabini na moja, ambaye maisha yake yote hajapokea hata njiti ya kiberiti kwa mkono wa kushoto, aliunyoosha mkono huohuo wa kushoto mbele ya mtu wa serikali akaomba wino. Na kilichomfikisha pale ni kidude cha bunduki kisichozidi urefu wa kidole chako kidogo. Kaa vizuri, naanzia Jumanne.

Jumanne asubuhi Siméon, mtoto wa mama huyo, alikuwa kwenye meza ya kazi, kule eneo la viwanda, ndani ya karakana ya mzee mmoja wa Kiaustralia anaitwa Glenn. Glenn anatengeneza bunduki za wakulima na za watu wa klabu za shabaha. Siméon aliingia pale kama mfagiaji. Alifagia mwaka mzima, mpaka siku moja mzee akamkuta amefungua mashine ya kahawa iliyokufa na ameifufua kwa bisibisi ya miwani. Akamuuliza ulijifunzia wapi. Siméon akasema kwao Uvira alikuwa fundi cherehani. Basi mzee akamwombea kibali. Polisi wakachukua alama za vidole, wakakaa na jina lake miezi mitano, ndipo ikaja karatasi ya kumruhusu kugusa bunduki. Kazini tu, si kwingine.

Siku ya karatasi Glenn alimwambia mambo mawili. La kwanza, mshahara unapanda dola sita kwa saa. La pili, kukitokea jambo lolote nyumbani, polisi, mahakama, mambo ya watoto, amwambie siku hiyohiyo, kwa sababu wakubwa wa polisi wakilisikia wao kwanza, karatasi inaondoka na yeye mzee ataulizwa alikuwa wapi.

Nyumbani mkewe Verdiane alizipokea zile dola sita kwa furaha. Habari ya bunduki akaificha. Kanisani wakimuuliza mume wake anafanya nini siku hizi, anasema anatengeneza mashine za shamba. Watu wa kanisa lile karibu wote walitoka kwao wakikimbia mlio wa bunduki na mtoto mgongoni. Utaanzaje kuwaambia kwamba sasa chakula chako kinatoka huko?

Haya, bunduki ya Jumanne. Ilikuwa ya mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kuzunguka mashamba ya watu akiwinda nguruwe pori na mbweha. Mwanamke huyu ni wa kushoto. Sikiliza tatizo lake, maana mimi mwenyewe nilikuwa sijui kitu kama hiki kipo. Bunduki ina sefti, kile kidude cha ubavuni unachokisukuma kwa dole gumba. Ukikiweka huku imefungwa, haiwezi kulia. Ukikiweka kule imefunguka. Sasa kwenye bunduki ile kidude kilikuwa upande mmoja tu, upande wa dole gumba la mtu wa kulia. Mtu wa kushoto lazima alegeze mkono, apapase kwa kidole kingine, halafu arudi ashike upya. Mama wa watu amepapasa miaka kumi na tisa! Sasa kanunua sefti mpya, ina kidude huku na huku, anataka iwekwe.

Kazi yenyewe ukiitazama si kubwa. Unatoa ya zamani, unapitisha mpya, unarudisha kipini na springi yake. Shida ni springi. Nyembamba kama mguu wa panzi, na ina hasira. Vidole vya Glenn siku hizi vinatetemeka, ikamponyoka mara mbili. Mara ya pili waliitafuta chini ya kabati nusu saa nzima, bosi na mfanyakazi, wote wamepiga magoti na tochi za simu. Ndipo Siméon akaomba mfuko wa plastiki wa mkate. Akaingiza kazi yote ndani ya mfuko, akaingiza na mikono yake, akafungia springi humohumo. Ikaruka, ikagonga plastiki, ikamwangukia kiganjani. Akairudisha. Glenn akataka kujua nani alimfundisha ule ujanja. Siméon akasema springi ya cherehani ikipotea Uvira, mteja anangoja nguo yake mpaka mtu wa Bujumbura avuke mpaka.

Wakaijaribu. Bunduki ilikuwa tupu, walikuwa wameshaikagua wote wawili kama ilivyo sheria ya mle ndani. Imefungwa, kifyatulio hakisogei. Imefunguliwa, kinasogea. Upande huu sawa, upande ule sawa. Likabaki moja: je, kile kidude kipya hakimsumbui mshikaji? Glenn akaishika kwa kulia kikamsugua kidole. Akasema yeye hawezi kujua, hapa anatakiwa mtu wa kushoto, ngoja ampigie mwenye mali. Akageuka kutafuta simu.

Siméon akaibeba bunduki airudishe kwenye meza. Na hapo mikono ikaamua yenyewe. Kitako kikaingia bega la kushoto, dole gumba la kushoto likaanguka juu ya sefti palepale, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake alichozoea. Tak. Tak. Miaka thelathini na tisa ana mikono miwili, na hajawahi kushika kitu kilichokuwa kinamngoja.

Glenn alikuwa anamtazama. Akasema kumbe na wewe ni wa kushoto. Siméon akakataa haraka, akaihamishia kulia kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Mzee akacheka.

“Mwaka mzima nimekuona unavyofagia,” akamwambia. “Ufagio ulishakusema.”

Siméon akaiweka bunduki mezani. Simu yake ikaita mfukoni, na ilikuwa shule.

*

Shuleni waliongea kwa upole, na upole ule ndio uliomtisha. Ornella, mtoto wao wa miaka minane, alikuwa na alama nyekundu kuzunguka kifundo cha mkono wa kushoto. Mwalimu alimuuliza, mtoto akanyamaza. Kwa sheria walikuwa wameshatoa taarifa. Mtu wa serikali, wa idara ya watoto, angekuja nyumbani Alhamisi saa kumi.

Verdiane alipotoka shifti yake kwenye nyumba ya wazee, bado na sare, alimkuta mama mkwe wake jikoni anachambua maharage. Mama Thacienne, mama yake Siméon, ana miezi minane tu tangu aletwe kutoka kambi ya wakimbizi. Walipomuuliza hakuzunguka. Alisema ni yeye. Alimfunga mtoto mkono kwenye kiti kwa kipande cha kitenge, kitenge laini, nusu saa wakati wa kula na nusu saa wakati wa kuandika.

“Mutoto anapatia pasteri sahani na mukono wa kushoto,” alisema. “Watu wanatuona sisi ni watu gani? Siméon nilimufunga vilevile, na leo ni fundi.”

Siméon alikuwa amesimama mlangoni, viatu vya kazi mkononi. Verdiane akamgeukia. Aliyaona macho yake yamekimbilia kwenye droo ya vijiko, akaifungua ile droo. Kitenge kilikuwa ndani, cha njano, kimekunjwa vizuri. Mama Thacienne hakunji vitu hivyo. Anayekunja hivyo ni Siméon.

“Ulijua, Papa Ornella.”

“Niliona kitambaa.”

“Uliona kitambaa. Ulifikiri ni cha kufungia mboga?”

Siméon akaviweka viatu chini. Wiki nzima alijua. Alikiona juu ya kiti, akalitambua fundo, maana fundo lile alilijua kabla hajajua kusoma, akakikunja akakiweka kwenye droo akaenda kuoga.

Jumatano simu hazikupumzika. Falone wa kwaya alipiga kusema anamjua mama mmoja alichukuliwa watoto watatu. Mwingine akasema usiwafungulie mlango. Mwingine akasema wafungulie, lakini friji ijae. Verdiane akasugua sakafu, akanunua biskuti za bei, akapiga pasi hadi mapazia. Hesabu ya nyumba ile ilikuwa rahisi na mbaya. Serikali ikisema bibi aondoke, ataondoka aende wapi, mtu ambaye hata kadi ya treni hajui inagongwa wapi? Na serikali ikiliandika jina la Siméon kwenye kesi ya mtoto, karatasi ya kazi nayo itaulizwa. Waliyasema hayo jikoni kwa Kiswahili, mlango wazi. Ornella alikuwa sebuleni anachora. Ornella anajibu kwa Kiingereza, siku zote. Lakini masikio yake hayana shida na lugha yoyote.

*

Mtu wa serikali alikuwa binti mdogo kuliko walivyotegemea. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikuja na mkalimani, mama wa Kikenya wa kule Rooty Hill, anaitwa Wilkister, ambaye alikaa akaweka sheria yake mapema.

“Mama, mimi kazi yangu ni kutafsiri tu,” alimwambia Mama Thacienne. “Mkisema kitu hapa, hata kama ni ya kunong’ona, nitaisema.”

Mama Thacienne akamwinamia Verdiane, akanong’ona kwamba huyu mutoto wa serikali amekonda sana, kwao hawamupikie? Wilkister akatafsiri neno kwa neno. Yule binti akacheka mpaka akashika tumbo, na kwa dakika moja nyumba ikawa nyumba.

Halafu ikaja chai. Mama Thacienne aliileta mwenyewe, kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko kwa heshima. Binti alikuwa na kalamu kwenye mkono wa kulia, akapokea kwa kushoto. Mama Thacienne hakuachia. Kikombe kikabaki hewani, mikono miwili juu yake, chai inayumba. Hakuna aliyevuta. Verdiane akasema kwa sauti ndogo, “Mama, acha.” Hakuacha. Mwishowe binti akaitazama mikono, akaweka kalamu chini, akapokea kwa kulia, akauliza kama amekosea. Na Wilkister, aliyeapa kutafsiri tu, akatoka nje ya sheria yake akamweleza kwamba kwetu, mimi pia kwetu, mkono wa kushoto ni wa mambo ya choo. Binti akaandika mstari.

Akamwita Ornella. Akamuuliza taratibu, ile alama imetoka wapi. Mtoto akatazama kapeti. Akasema kwa Kiingereza, bila kusitasita, kwamba alijifunga mwenyewe. Alikuwa anacheza hospitali.

“Anasema alijifunga mwenyewe,” Wilkister akatafsiri. “Akicheza daktari.”

Kalamu ikasimama. Binti akawatazama wazazi akauliza: ndivyo ilivyokuwa?

Verdiane alikuwa anatazama biskuti. Ilihitajika kuitikia kwa kichwa mara moja tu. Bibi abaki, karatasi ibaki, dola sita zibaki, yule binti avae viatu vyake aende. Ornella akamtazama baba yake kwa macho ya kusema nimeshawafungulia njia, piteni. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto. Hakuna aliyemwambia aukalie.

“Hapana,” Siméon akasema. “Mtoto anatulinda. Ni mama yangu alimfunga. Na mimi nilijua.”

Wilkister akamwangalia kwanza, kama anayempa nafasi ya kuirudisha. Hakuirudisha. Akatafsiri.

Mama Thacienne hakukasirika. Alishangaa tu, akauliza sasa kosa liko wapi, mbona yeye alimufunga Siméon na hakuna mutu wa serikali alikuya? Siméon akashuka kwenye kiti, akakaa chini kwenye kapeti mbele ya mama yake. Akamsimulia Jumanne. Verdiane aliposikia neno bunduki linatamkwa mbele ya serikali alifumba macho. Siméon akaendelea. Akamsimulia sefti, mfuko wa mkate, mwanamke wa nguruwe pori.

“Ni chuma, Mama. Walitengeneza chuma upya kwa ajili ya mukono ya mutu mumoja. Hakuna aliyemwambia ule mwanamuke abadilishe mukono.”

Akaichukua kalamu ya binti kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake kwenye ukingo wa karatasi. Herufi zilitoka vibaya, zinalala huku na huku kama za mtoto wa chekechea. Mkono ule haukuwa umeandika kitu tangu ana miaka sita.

“Sikuwa fundi sababu ya kufungwa,” akasema. “Nilikuwa fundi hata kama nilifungwa.”

Mama Thacienne alizitazama zile herufi ambazo hajui kuzisoma.

“Uliumia?”

“Ndiyo, Mama.”

“Hukusema.”

“Mwenye alinifunga ni weye. Ningemwambia nani?”

Hapo Wilkister alichelewa kutafsiri, akajifanya anatafuta leso.

Binti akaandika mpango, akausoma. Mkono wa mtoto usifungwe, usipigwe, usikatazwe. Atarudi baada ya wiki tatu. Ikitokea tena, bibi atatakiwa kuishi kwingine. Baba na mama wakatia sahihi. Mama Thacienne hajui kuandika. Binti akasema hakuna shida, achore alama yoyote, hata msalaba.

Mama Thacienne akaikataa kalamu. Akavuta mkono wa nguo yake, akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza ya biskuti, dole gumba limesimama, akaomba wino.

Hakuna aliyeelewa. Akawaeleza kama watu wasiojua dunia inavyokwenda. Kambini, miaka kumi na sita, unga, maharage, sabuni, hema, unapokea kwa dole gumba la kushoto. Ndilo wanalolipaka. Karatasi ya kuja huku pia.

“Serikali zote zinanijua na hii dole,” akasema.

Akaliangalia lile dole lake limesimama pale mezani, akaliangalia muda mrefu, kama la mtu mwingine aliyeingia bila kubisha. Ornella akacheka kidogo, halafu akaziba mdomo. Kwa wa kushoto.

Wino haukuwepo. Verdiane akaenda chumbani akaleta lipustiki yake ya kanisani, ya rangi ya zabibu. Wilkister akampaka bibi dole gumba taratibu, bibi akaligandamiza kwenye karatasi ya serikali ya Australia, na alama ikatoka nzuri, mistari yote.

*

Ijumaa asubuhi Ornella alimpelekea bibi yake chai. Alikuwa ameishika kwa kushoto, akakumbuka katikati ya njia, akaanza kubadilisha, ikamwagika. Mama Thacienne akasema, “Leta tu vile.” Akapokea. Alikishika kikombe mpaka mtoto alipotoka na begi lake. Ndipo akanywa.

Siméon alimfuata Glenn kabla hajavaa aproni, akamweleza yote, na kwamba amechelewa siku tatu kumwambia. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimshukuru kwa kumwambia. Halafu akasema lazima awaandikie wakubwa, na mpaka wajibu, meza ya kazi hapana. Inaweza kuwa wiki, inaweza kuwa miezi. Ufagio uko palepale nyuma ya mlango. Dola sita nazo zingoje.

Saa nne mwenye bunduki akaja. Glenn akaikagua mbele yake, tupu, akampa. Mwanamke akaiweka bega la kushoto, dole gumba likaanguka. Tak. Tak. Akasimama tu pale. Akarudia. Uso ukamfunguka kama wa mtoto aliyepewa baiskeli, akauliza nani kaifanya kazi hii safi hivi. Glenn akamwonyesha kwa kidevu yule mtu wa mlangoni anayefagia. Mwanamke akamtazama Siméon, akautazama ufagio, akacheka, akamwambia Glenn acha utani.

Siméon akaendelea kufagia. Kwa kushoto, mbele ya watu.

Sasa niambie. Uko sebuleni, kalamu imesimama, mtoto wako ameshakudanganyia na anakutazama, mama yako kando, kazi yako mezani. Wanangoja uitikie kwa kichwa mara moja tu. Wewe ungefanyaje?